Ufunguo wa Chumba cha Mbele

Hapo zamani, wala si zamani ya kubahatisha bali Jumatatu tarehe 5 Machi 1979, Mzee Elieza wa milima ya Upare alifariki bila kuacha wosia. Aliacha mjane, Bi Nakunda, watoto wawili wakubwa, na nyumba ya vyumba vinne.

Arobaini haijatimia, Kajiru, ndugu wa marehemu kwa baba, alipeleka mahakamani muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi, pamoja na karatasi ya saini ishirini na sita. Tangazo likabandikwa: mwenye pingamizi alilete kabla ya Ijumaa tarehe 4 Mei. Kajiru alikwisha kutamka hadharani kwamba nyumba ataiuza, na mjane atarudi kwao.

Bi Nakunda akaapa mbele ya jamaa: "Atakayeniokolea nyumba hii, ufunguo wa chumba cha mbele ni wake na wa uzao wake."

Mbonea, mwana wa kwanza, akaondoka kutafuta wakili. Alikwenda Tanga, wakili akamkataa. Alikwenda Moshi, wakili akamkataa. Alikwenda Arusha, na wakili wa huko akamshauri kwamba shauri la ukoo humtaka mtu aujuaye ukoo, akatafute wakili wa kwao. Alirudi soli zimekwisha, na siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho akampata Wakili Senzia, mwenye ofisi ya chumba kimoja wilayani kwao.

"Hata mkimleta wa Ulaya," Kajiru aliwacheka, "saini hazifutiki."

Wakili aliwasilisha pingamizi, kisha akazisoma saini jina kwa jina. "Mchungaji huyu ni wa ukoo wenu? Na huyu fundi wa jeneza?"

Hapo Nakiete, binti wa marehemu, akaruka kitini. Yeye ndiye aliyetunza daftari walimotia saini waombolezaji siku ya maziko, tarehe 7 Machi, na jani moja halikuwamo!

Ijumaa tarehe 25 Mei, mbele ya hakimu, karatasi ya Kajiru ililazwa kando ya daftari. Mchaniko ukaoana na mchaniko, jino kwa jino. Kajiru akadai kwamba Nakiete ndiye aliyelichana ili amsingizie. Hakimu akasita.

Ndipo akasimama Sifaeli, mke wa Kajiru mwenyewe. "Mheshimiwa, nilimwona akilichana. Nimenyamaza siku sabini na tisa."

"Basi kwangu usirudi," mumewe akamwambia.

Hakimu akamthibitisha Bi Nakunda kuwa msimamizi. Vigelegele vilisikika mpaka sokoni!

Jioni ile Mbonea akasema: "Bila wakili wangu, daftari lingebaki kabatini."

"Na bila daftari langu, kaka, wakili wako angebaki kumshangaa fundi wa jeneza."

Sifaeli alikuwa ameketi barazani juu ya furushi lake, hana pa kulala. "Ninyi mmepigania cha baba yenu," alisema. "Mimi nimetoa changu."

"Ungesema tangu Machi, mama mdogo," Mbonea akamjibu, "viatu vyangu vingekuwa vizima."

Bi Nakunda akasimama mlangoni. Kiapo kilikuwa kimoja, na ufunguo mkononi mwake ulikuwa mmoja. Ninyi mliosikia shauri hili tangu tarehe ya kwanza hadi ya mwisho, semeni: aliyemtafuta wakili, aliyelitunza daftari, au aliyechelewa kusema akalipa kwa ndoa yake? Je, ni nani aliyestahili kukabidhiwa ufunguo?