Miavuli ya Bwana Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Ikawaje?
Sema wewe, sisi tumekwisha kukaa.

Kiboko alikaa mtoni, na majani matamu yalikuwa ng'ambo ya msitu. Akataka njia. Si kijia, bali barabara yenye upana wa matumbo sita, na lake mwenyewe lilikuwa moja. Wasimuliaji wote wanakubaliana: sita, si saba.

Akaanza. Akasukuma kwa kichwa, kra-kra-kra, puu! Mti chini. Akasukuma tena, kra-kra-kra, puu! Mti chini. Magogo akayatupa kijitoni, maji yakasimama.

Kindi alikuwa juu ya tawi, akitazama. Watoto wake wanne walikuwa upande wa mashariki, mkuyu wa kuwalisha upande wa magharibi. Yeye huvuka kwa matawi, maana palipo wazi mwewe hamkosi. Kesho barabara ingefika hapo, na watoto wangekufa njaa.

Akashuka.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Toka njiani, we mkia mtupu!"

"Natoka. Nimekuja kukupongeza tu. Barabara nzuri. Mshika mwavuli wako ni nani?"

"Mwavuli wa nini?"

"Lo! Mkubwa apite adhuhuri kichwa wazi? Nyati atasema mmelingana, maana naye hupita juani."

Kiboko akajikuna kwenye gogo. Mgongo ulikwisha kuanza kubabuka. "Nitafutie mwavuli."

"Wa kukufunika wewe mzima? Nani aushone? Lakini ile miti ni miavuli, tena imekwisha kufunguliwa."

"Ilete huku!"

"Ina mizizi, Bwana. Njia ndiyo iifuate."

"Basi nitapita chini yake, matumbo sita!"

"Ukipanua, vilele vitaachana, na jua litakuchoma katikati. Tumbo moja latosha. Na hayo magogo yaondoe, kijito kikuoshe miguu. Mkubwa hafiki na matope."

Kiboko akayaondoa magogo. Akasukuma vichaka tu. Akikuta mti, anauzunguka. Njia ikapinda huku, ikapinda kule, upana tumbo moja, mpaka majanini. Adhuhuri akapita, ametuna.

"Miavuli yote hii! Nyati anayo?"

Juu, chakacha-chakacha. Kindi anavuka, kuyu mdomoni.

"Nani huyo juu ya kichwa changu?"

Kindi akalisogeza kuyu shavuni. "Mshika mwavuli, Bwana."

"Shika vizuri!"

Hapo ndipo hadithi ilipofika. Mwenye ndefu zaidi aiongeze kwao. Na funzo lake ni hili: msiwe waongo kama Kindi. Mwambieni mkubwa kweli tupu, naye atawajengea barabara pana, iliyonyooka, yenye jua la kuwatosha wote.