Jirani Wawili na Chungu cha Kwemsala

"Shibe haiulizwi kwa jirani." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Rehani hapa sasa hivi, alipomwona anachungulia sahani ya mwenzake kabla hajajipakulia. Nanyi mmenigeukia mkiuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, na nilivyoipata ndivyo nitakavyowapa, ila palipochakaa nimetia kiraka changu.

Huko Kwemsala palikuwa na mpishi wa shughuli aliyeitwa Bi Mwanamvua. Alikuwa mwanamke wa mwili, na mwiko wake ulikuwa mrefu hata kunguru waliutumia kupumzikia. Mchuzi wake ulinukia mpaka ng'ambo ya mto. Nasikia kuna mgonjwa aliyekuwa ameshaagwa na ndugu zake, aliyeinuka kitandani akauliza shughuli iko kwa nani.

Watu wa Kwemsala walikuwa na desturi yao. Kwenye arusi hakuna aliyegusa chakula kabla mpishi hajafungua chungu. Mpishi aliketi kwenye kigoda mbele ya wageni, akapakuliwa, akala mpaka aseme ameshiba, ndipo vigelegele vikapigwa. Tena kiasi alichokula yeye ndicho kilichokuwa kipimo. Kila mgeni alipakuliwa kiasi hicho hicho, asizidishiwe wala asipunjwe. Waliona hiyo ndiyo haki. Na kwa kuwa Bi Mwanamvua alikula akatosheka, hakuna aliyewahi kunung'unika.

Kilichoharibu mambo ni futi ya fundi cherehani. Wanawake walikwenda kupimwa nguo za sare, na fundi mwenyewe, Mbelwa, alikuwa mtu wa mzaha asiyetazama mzaha wake unaangukia wapi. Akazungusha futi kiunoni mwa Bi Mwanamvua, ncha zisikutane. Akasema mbele ya wote kwamba futi inaomba iletewe mwenzake. Wakacheka. Bi Mwanamvua naye alicheka, tena kuwashinda wote, lakini alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya mashamba.

Jioni ile aliketi mbele ya bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga iliyoungwa kwa nazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa hajui apakue kiasi gani. Mkono uliozoea kutia chumvi ya kijiji kizima bila kijiko ulisita juu ya sahani yake mwenyewe. Ndipo akachungulia kwenye tundu la ua, upande wa jirani yake Bi Sikudhani, mwanamke mwembamba kama ufito. Akajiambia kwamba anachokula yule ndicho chakula cha mtu mwenye akili. Akapakua kama yeye.

Sasa sikilizeni kituko. Bi Sikudhani naye alikuwa kwa fundi siku ile, na yeye aliambiwa nguo yake itashonwa na mifuko ya kutilia mawe, upepo usije ukamchukua. Kwa hiyo naye alikuwa kwenye ua upande wake, anachungulia, anatamani unene wa jirani. Alipoona sahani ya Bi Mwanamvua imepungua, akashika kidevu. Kumbe mwenzangu unene wake hauji kwa kula sana, huja kwa kula kidogo. Kesho yake akapunguza. Bi Mwanamvua alipoona jirani kapunguza, akapunguza zaidi. Yule naye akashuka, huyu akamfuata. Ikafika mahali kuku wa nyumba zote mbili wakahama, maana hapakuwa na makombo. Hilo la kuku nimeambiwa tu.

Mzaha ukaishia hapo. Bi Mwanamvua alianza kuona kizunguzungu kila alipoinamia moto. Akaacha hata kuonja alichopika, kwa hofu kwamba akionja mara moja hataweza kuacha, atakomba chungu kizima na ukoko wake. Ikaja arusi moja ya pale kijijini. Akafungua chungu kwa matonge mawili, akasema ameshiba. Na wageni wote, watu waliotembea tangu alfajiri, wakapakuliwa matonge mawili mawili. Walishukuru na kuaga kwa ile adabu ya mtu aliyekasirika sana.

Arusi iliyofuata ilikuwa ya binti yake wa pekee, Chausiku. Alikuwa anaolewa ng'ambo ya mto, kwenye ukoo unaopima heshima kwa sinia, na habari ya matonge mawili ilikwisha kuvuka maji. Mzee Shemdoe, mjomba wa bwana arusi, alituma neno: wakipunjwa, wataondoka na kijana wao. Wazee wa Kwemsala wakataka mwiko apewe mtu mwingine. Chausiku akakataa. Akasema mbele yao kwamba chungu cha arusi yake kikifunguliwa na mkono usio wa mama yake, basi bora kisifunguliwe. Mama mtu akaitikia kwa kichwa. Tumbo halikuulizwa.

Siku ikafika. Wageni walijaa majamvini, Mzee Shemdoe mbele yao, amekaa kama hakimu. Bi Mwanamvua akaletewa sahani ya wali wa nazi na mchuzi wa mbuzi, mvuke ukampanda usoni. Akatia mkono. Mkono ukasimama. Macho yake yakamtafuta Bi Sikudhani kwenye jamvi la wanawake, yakamkuta amemkodolea yeye, shingo imevutika kama ya kobe.

"Kula basi, shoga," Bi Sikudhani akasema. "Nakungoja."

"Unaningoja mimi nini?"

"Nijue kiasi."

"Kiasi? Mimi ndiye ninayekutazama wewe nijue kiasi. Tangu ile siku ya kwa fundi."

Bi Sikudhani akatua shingo. "Mwenzangu, na mimi nakutazama wewe tangu siku hiyo hiyo. Nilitaka ninenepe."

"Kwa vile vitonge?"

"Si nilidhani ndiyo siri yako."

Bibi mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikazunguka majamvi yote mpaka kikawafikia wenyewe. Kisha Bi Mwanamvua akafuta machozi ya kicheko. Akasema taratibu, lakini kila mtu alisikia, "Basi tumejiua kwa njaa kwa kuchunguliana. Na sasa sijui kama nina njaa au sina. Nikianza, nitaachia wapi?"

"Mimi usiniulize," Bi Sikudhani akajibu. "Nimekwisha kukupotosha vya kutosha." Akainuka, akavua kanga yake ya juu, akamfunika jirani yake kichwa mpaka sahani. "Humo ndani hamna mtu. Kula."

Watu wakabaki wanaitazama kanga. Chini yake, tonge la kwanza alilikawiza mdomoni, kama mtu anayepeana mkono na ndugu waliyenuniana naye. La pili likashuka lenyewe. La tatu akagundua mchuzi umepungua chumvi, akajua ulimi umerudi kazini. Akala. Akaendelea kula, na nje Mzee Shemdoe akaanza kulegeza mabega.

Kisha kanga ikatulia. Bi Mwanamvua alikuwa anaitazama sahani kwa mshangao. Wali ulikuwa bado upo, na mkono wake umesimama, wala haukushikwa na mtu. Akaungoja uombe tena. Haukuomba. Muda wote ule aliokuwa akijizuia kwa hofu, mwili ulikuwa unajua pa kusimama, kama punda anavyolijua lango la kwao hata usimvute kamba.

Akafunua kanga. "Nimeshiba," akasema. "Na mchuzi uongezwe chumvi kabla haujafika kwa wageni."

Vigelegele vikapaa. Chausiku, ambaye desturi ilimtaka ainamishe macho, aliyainua. Mpakuzi akaja na upawa, akakadiria pengo lililoachwa kwenye sahani, akataka kuanza kugawa kwa kipimo hicho. Bi Mwanamvua akamshika mkono.

Mzee Shemdoe akainyoosha sahani yake. Alikuwa pande la mtu, na ametembea mbali. "Mkwe," akauliza, "hicho ulichokula wewe, na mimi kitanishibisha?"

"Shibe haiulizwi kwa jirani, mkwe wangu," Bi Mwanamvua akamjibu. "Mimi nimeuliza kwa jirani, nusura nimharibie mwanangu arusi. Chungu hicho hapo. Jipakulie, kaa, kula. Tumbo likisema ongeza, ongeza. Likisema basi, liamini."

Mzee akamtazama, akakitazama chungu. Akajipakulia kilima, akala, akarudi akaongeza kidogo, akalamba vidole akasema basi. Bwana arusi hakuondoka. Bi Sikudhani siku ile alikula sahani mbili, hakunenepa hata ukucha, wala hakuuliza kwa nini. Bi Mwanamvua alipika miaka mingi baada ya hapo, akionja kila chungu, na mwili wake ukakaa jinsi ulivyopenda kukaa.

Na Kwemsala desturi ikageuka. Mpishi anafungua chungu kama zamani, lakini akishasema ameshiba, upawa unaachwa katikati, na kila mgeni anaufuata kwa mkono wake mwenyewe. Akitokea anayegeuza shingo kutazama sahani ya mwenzake, hata mtoto atamwambia: shibe haiulizwi kwa jirani.