Mchanga Mgongoni mwa Nyani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo nyani hakutoka nyumbani mpaka achane nywele, palikuwa na mlima wa mawe matupu. Kila pango la mlima ule lilikuwa nyumba ya mtu, lina mlango, lina jiko, na kelele za watoto zikitoka ndani.

Wakazi wa mlima walikuwa na desturi yao. Ukilitamani pango la jirani, huibi wala huendi kumsengenya. Unamwendea mchana kweupe, unagonga kizingiti chake mara tatu, na siku ya arobaini mnakutana uwanjani kwa mieleka. Aliyeonekana na mchanga mgongoni ndiye aliyeshindwa, na hakuna cha kubishana.

Basi siku moja, ngo! ngo! ngo! Nyani akasimama mlangoni kwa Mama Pimbi.

Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo, mkia hana, masikio yenyewe ya kuhesabika. Mama Pimbi alikuwa mjane, tena alikuwa amejifungua mapacha wiki ile ile.

"Mama Pimbi, hodi! Nimelipenda pango lako," akasema Nyani. "Halipati jua la mchana, halivuji mvua. Siku ya arobaini nileteeni mtu uwanjani."

"Jamani, Bwana Nyani! Nina vichanga humu. Ukinitoa nitakwenda wapi?"

"Uwanda wote ule pale chini, hauuoni?"

Uwanda! Mama Pimbi alitazama juu, akamwona Tai akizunguka taratibu. Baba wa watoto alichukuliwa na Tai huyo huyo, kule kule uwandani, kwa kuchelewa hatua tatu tu kufika kwenye mawe. Machozi yakamtoka.

Hapo binti yake mkubwa, Kidawa, akajitokeza nyuma ya mtungi. "Nitakwenda mimi, mama."

Nyani alicheka mpaka akashika mbavu. "Ha! Ha! Haya, kibinti. Kula ushibe." Akaenda zake akitengeneza nywele.

Kidawa hakuwa amewahi kushika mieleka hata siku moja. Kesho yake akaenda kwa Bibi Kakakuona, mwenye uwanja, ambaye ndiye aliyekuwa akikagua migongo tangu ujana wake.

"Bibi, shikamoo. Nifundishe."

"Marahaba. Chukua ufagio, fagia uwanja. Ukimaliza, njoo unishike."

Kidawa akafagia, kisha akamrukia. Puu! Akajikuta chali anaangalia mawingu. Akainuka. Puu! Akainuka tena. Puu! Hakuona mkono uliomshika wala mguu uliompiga ngwala. Ilikuwa kama ardhi yenyewe inamvuta sikio.

"Bibi, umefanyaje?"

"Mbona umeacha kupumua?" akauliza Bibi Kakakuona. "Kila nikikugusa unabana pumzi kama unayepiga mbizi. Pumua, mjukuu wangu. Habari nyingine tutaongea baadaye."

Basi wiki ya kwanza nzima, wanangu, Kidawa alijifunza kupumua. Mnacheka? Alikuwa akirudi nyumbani mchanga umejaa masikioni, mama yake anamkung'uta kama mkeka, naye anasema kwa furaha, "Mama, leo nimeangushwa mara thelathini, na mara mbili nimepumua!"

Wiki ya pili akajifunza kutoshindana kwa nguvu. Bibi akimsukuma, alikuwa akijikaza na kusukuma naye, halafu puu! Siku moja alichoka, hakusukuma. Akapisha kidogo tu. Bibi Kakakuona, mzito kama jiwe la kusagia, akampita fyuu! akaenda kusimama pembeni mwa uwanja.

Kidawa akabaki ameduwaa. Alijitazama mikono, akajitazama miguu, kama ndiyo kwanza apewe. "Bibi! Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," akasema Bibi. "Ndiyo maana umefanya vizuri."

Wiki ya tatu akaupata mgongo. Ilikuwa hivi: Bibi alipompita vile, Kidawa akamrukia kwa nyuma, akamkumbatia shingo. Na viganja vya pimbi, kama hamjui, vina unyevu wake. Vikishika jiwe la wima havibanduki. Bibi akajikung'uta kulia. Yupo. Akajikung'uta kushoto. Yupo! Akacheka, kisha akajiachia akaanguka kinyumenyume. Tifu! Kidawa akabaki chini amebanwa, macho yamemtoka, akagonga gamba mara mbili, ko! ko! maana yake nimekoma, niachie.

"Umeona?" akasema Bibi akimnyanyua. "Mkubwa akikupata mgongoni ana dawa moja tu, kukulalia. Sasa jifunze kutoka kabla hajafika chini."

Wakarudia mpaka jua likawachoka. Na siku ya thelathini na tano, ajabu ikatokea. Kidawa yuko mgongoni, amefumba macho, na kabla Bibi hajaanguka akahisi kupitia viganjani kwamba anataka kuanguka. Visigino vilipepesuka kidogo, mgongo ukawa mwepesi kitambo kifupi mno, kufumba na kufumbua. Akaachia. Bibi akaenda chini, tifu! peke yake.

Kidawa aliingiwa na kitu mfano wa hofu, lakini hofu tamu. Kumbe mwili wa mwenzako unasema kabla haujatenda! Siku zote ulikuwa ukisema, na yeye hakuwa na habari. Usiku ule hata chakula hakikumwendea. Alikaa akiwashika wadogo zake migongo, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza.

Siku ya arobaini ikafika. Mlima mzima ukashuka uwanjani. Digidigi walipanda mabegani mwa pundamilia wapate kuona. Mama Pimbi alisimama nyuma kabisa, pacha mmoja kifuani na mwingine mgongoni, na juu yao Tai anazunguka.

Nyani akaingia anang'aa. Alikuwa amejipaka mafuta ya nyonyo kuanzia mabegani mpaka kwenye visigino, mbele na nyuma, asishikike. Ndivyo alivyoshinda miaka yote, maana kila aliyemkamata aliteleza. Shingoni tu hakupaka, ili asiharibu nywele zake alizozichana zikasimama.

"Anza!" akasema Bibi Kakakuona.

Nyani akaja mbio kwa mikono miwili. Kidawa akapumua. Akapisha. Fyuu! Nyani akapita, naye Kidawa akaruka, hop! akamnasa shingoni pale palipokuwa pakavu.

"Lahaula!" watu wakasema.

Nyani akajikung'uta. Akazunguka kama pia. Akarusha mikono nyuma amkamate, lakini mikono ina mafuta, inateleza mgongoni kwa Kidawa, pya! pya! Akataka kwenda kumsugua kwenye mwamba, akakumbuka kwamba anayetoka uwanjani ameshindwa. Akaanza kuhema.

Hapo Kidawa akapaza sauti ya kilio, nyembamba, ya kusikitisha.

"Mama yangu wee! Bwana Nyani, nizungushe utakavyo! Nikung'ute! Ila nakuomba, usinilalie! Bibi alinilalia siku moja nikakoma! Usinilalie, mbavu zangu ndogo!"

Mama Pimbi akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Ahaa!" Nyani akanguruma. "Kumbe dawa yako ndiyo hiyo!"

Akaruka juu ajitupe kinyumenyume. Kidawa akasikia visigino vikipepesuka. Akasikia mgongo ukiwa mwepesi. Akaachia.

TIFU!

Vumbi likatimka, uwanja haukuonekana. Lilipotulia, Nyani alikuwa chali katikati ya mchanga, meno yote nje kwa furaha, anajisugua kushoto na kulia, kwa nguvu, kama anayesaga mahindi.

"Kilie sasa!" anasema. "Kiko wapi kilio? Bado anapumua huyo chini?"

"Anapumua, Bwana Nyani," ikajibu sauti karibu na vidole vyake vya miguu. "Tena vizuri kabisa."

Nyani akainua kichwa. Kidawa alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, mgongo mweusi safi, hauna hata chembe.

Hakuna aliyecheka. Wanangu, mngedhani wangecheka. Watu elfu walisogea, shingo mbele, wauone mgongo wake. Walikuwa wamemwona Nyani akiwaangusha nguruwe na fisi, hawakuwa wamewahi kumwona amelala. Ngiri mzee alivua kofia bila kujua kwa nini anavua.

Nyani akaruka wima, akaanza kujipangusa. Lakini mafuta na mchanga, weee! Kila alipopangusa ndivyo ulivyozidi kuganda. Mgongo mzima ulikuwa kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari.

"Sikuangushwa!" akapiga kelele. "Nimelala mwenyewe! Kwa hiari yangu!"

Bibi Kakakuona akamzunguka polepole, akamtazama mgongo kutoka juu mpaka chini. "Bwana Nyani, miaka yote nimekukagua, na hakuna siku uliyouliza wenzako wamefikaje chini. Leo nami sikuulizi. Geuka, watu waone."

Akageuka, watu wakaona. Nyani akaondoka na mchanga wake, na nywele zimemlala.

Mama Pimbi akapenya katikati ya watu mpaka kwa binti yake, akamkumbatia pamoja na mapacha, wote wanne wakawa furushi moja. Akauliza, "Kidawa, mwanangu, nguvu za kumwangusha umezitoa wapi?"

"Sikuwa nazo, mama," akasema Kidawa, naye bado anavitazama viganja vyake kwa mshangao. "Mimi nilimshika shingo tu. Kuanguka kaanguka mwenyewe."

Wakapanda mlimani taratibu, wakaingia pangoni mwao, wakafunga mlango. Tai akazunguka mara moja, mara mbili, akaona mawe matupu, akaenda zake.

Nami mdomo wangu umekauka, nileteeni maji. Mkiulizwa mmeambiwa nini, semeni hivi: anayejua kumsikiliza mkubwa anapotaka kwenda, hana haja ya kumsukuma.