Kichwa cha Chewa na Maji Yaliyounguza

Ukimaliza kusoma hii useme ni uongo, shauri yako. Wabishi wakubwa kuliko wewe wameisoma, wakanuna, kisha wakaituma kwa wakwe zao. Mimi shule niliiacha darasa la sita, ikabaki inanililia, lakini hadithi hii naijua yote. Kuisimulia yote ni jambo jingine.

Kulikuwa na mfalme wa kisiwa kimoja aliyeitwa Mbaruku. Sheria zake zilikuwa nyingi, ila moja ilizipita zote: samaki mkubwa kuliko wote atakayevuliwa mwambani ni wa mfalme, na kichwa cha samaki huyo hukila yeye peke yake. Atakayekidokoa hutiwa kwenye mtumbwi usio na kasia, akasukumwa bahari kuu, akawasalimie nyangumi.

Mpishi wa mfalme aliitwa Vuai. Huyo bwana angekupikia kandambili kwa nazi, ukala, ukaomba na ya mguu wa pili.

Siku moja wavuvi wakaleta chewa mkubwa kama mlango. Vuai alimkagua kama mposaji wa binti yake: macho maangavu, matamvua mekundu, harufu ya bahari tu. Akampika kwa nazi, ndimu na bizari mpaka mchuzi ukaanza kujisifu wenyewe. Mchana mfalme akakaa na kichwa chake, akakila, akanyonya hadi mifupa.

Kufika alasiri alikuwa ameshakimbilia chooni mara sita. Walinzi wakaacha kumpigia saluti, mikono ilichoka. Asubuhi yake akaamka midomo ina ganzi, mwili unamwasha, akaagiza maji ya kunywa barazani. Vuai akayaleta mwenyewe kwa kata, moja kwa moja kutoka mtungini. Mfalme akapiga funda moja, akalitema, akaruka.

"Umenichemshia maji, Vuai?"

Vuai akaapa kwamba maji hayajakaribia hata jivu, na kwamba mtungi wenyewe unatoka jasho kwa ubaridi. Mfalme akampa kata Waziri Shaame.

Sasa, baraza lile lilikuwa na desturi yake. Mfalme ndiye huonja kwanza na kutaja ladha, na wengine huonja ili wakubaliane naye. Akisema asali chungu, wote hukunja uso. Waziri akapiga funda, maji yakamgonga meno kwa baridi. Akapuliza kata kama anapuliza uji.

"Yanaunguza, Maulana," akasema, akijipepea ulimi.

Kata ikawazunguka wakuu wengine kumi, na kila mmoja akapuliza. Mmoja akaomba amiminiwe kwenye kisahani yapoe. Mwingine, mtu mzima na ndevu zake, akasema amebabuka kaakaa, na akafungua kinywa watu waone.

Kata ikarudi kwa Vuai. Hapo alijua hali yake ilivyo: maji yakiwa ya moto, basi yeye ndiye aliyetaka kumbabua mfalme, na mtumbwi upo ufukweni siku zote. Akanywa mbele yao, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Ya baridi, Maulana."

Mfalme akasema watu kumi na wawili wanaungua, mmoja tu anaona baridi, na huyo mmoja ndiye aliyeyaleta. Akaamuru mtumbwi ushushwe.

Vuai akaomba jambo moja kabla ya kwenda: aitwe Bi Zume, yule mama anayeokota chaza, anayeujua mwamba kuliko anavyomjua mumewe. Mfalme alikuwa anajikuna kwa mikono miwili, akakubali ili tu apate nafasi ya kujikuna vizuri.

Bi Zume akaja na kanga iliyolowa na kisu cha kufungulia chaza. Maji hakuyagusa. Alimuuliza mfalme alikula nini jana, kama midomo ina ganzi, na kama baridi inamuunguza. Alipojibiwa akatikisa kichwa.

Akawaeleza kwamba upande mmoja wa mwamba matumbawe yamekufa, na juu yake umeota mwani mdogo usioonekana kwa macho, mwani wenye sumu. Samaki wadogo wanaula, samaki wa kati wanawala wadogo, na chewa anawala wote. Chewa mzee huwa ameweka akiba ya sumu ya mwamba mzima, na kichwani na kwenye ini ndiko inakojaa zaidi. Hainuki, haibadili ladha, haitoki kwa moto wala kwa ndimu. Aliyekula, baridi humgeukia moto. Dawa ya kuitoa hakuna. Mfalme apumzike, anywe maji hata kama yanamkera, na asiguse samaki kwa miezi sita.

"Miezi sita," mfalme akarudia, kama mtu aliyesomewa talaka.

Bi Zume akauliza nani mwingine maji yanamuunguza. Mikono kumi na mmoja ikapanda, wa Waziri ukiwa juu kuliko yote.

"Asiyemla samaki yule haungui, Maulana," Bi Zume akasema. "Basi hawa wote wamedokoa kichwa chako."

Mikono ikashuka kwa kasi kuliko ilivyopanda.

"Waziri," mfalme akasema polepole, "maji haya yakoje?"

"Ya baridi, Maulana."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Mfalme akacheka mpaka akalazimika kukimbilia chooni tena. Aliporudi akahukumu. Wakuu wote kumi na mmoja watafunga samaki naye miezi sita, maana walisema wanaungua naye. Vuai akaachiwa, akapewa cheo cha Msema Kweli wa Baraza. Kila asubuhi atakaa mkono wa kulia wa mfalme, apewe kata ya maji ya mtungini, ayanywe mbele ya watu wote, na atangaze yakoje.

Hapo ndipo wengi huishia, na mimi nilitaka niishie hapo hapo. Lakini kuna kipande nilikiruka.

Kabla kichwa hakijaenda mezani, Vuai alionja chumvi. Alionja shavu lote la kulia. Akaona kichwa kimeinama upande, akaonja na la kushoto ili kikae sawa. Ile kata ya barazani ilimbabua hadi kisogoni. Alisema baridi kwa sababu maji aliyachota mwenyewe, na kwa sababu shingo ilikuwa yake. Vuai hakumwambia Bi Zume kwamba naye alikila, kwa hiyo hakuna aliyemkataza samaki. Akaendelea kula, na kila akila, moto unarudi. Mfalme alishapona zamani. Vuai bado kila asubuhi anakunywa moto kwa heshima zote, machozi yanamlenga, na watu wanaambiana: oneni ukweli unavyomgusa.

Funzo: Samaki mwenye sumu ya mwani hanuki wala haogopi moto wa jiko, ukiumwa baada ya kumla, mwambie anayekutibu kila ulichokula, hata ulichodokoa.