Kasha la Nguchiro na Nafasi ya Kesho

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kasha!

Limejaa?

Bado, lina nafasi!

Basi tieni humo masikio yenu, nianze.

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali sana kwa kuwa umeme ulikwishafika, palikuwa na kibanda cha gemu kwenye njiapanda ya Mtoni. Mama yake Nguchiro alikijenga kwa udongo na kwa makucha yake mwenyewe, na alipokufa akamwachia mwanawe. Nguchiro, mnyama mwembamba mwenye mkia kama brashi, alichezesha gemu hapo kwa kompyuta ya kuazima, na wadogo wote wa mwituni walijaa kwake hadi kwenye kizingiti.

Kiboko akakitamani. Kiboko alikuwa Mwenyekiti wa Baraza la Mto. Mto wake, majani ya mto yake, kiti cha mto chake, na tumbo bado lina nafasi. Akaitisha kikao. Wajumbe wakahudhuria, yaani Kiboko. Wakajadili kwa kina, yaani Kiboko. Wakaazimia kwa kauli moja, yaani bho!

Kobe, Katibu wa Baraza, akatoka polepole kutangaza. Siku ya sikukuu ya mavuno, Kiboko na Nguchiro watachezesha gemu mpya iitwayo Gharika, kila mmoja kwa kompyuta yake mwenyewe. Kompyuta itakayohimili Gharika, mwenyewe achukue kibanda. Ya kuazima haihesabiki.

Nguchiro akaenda dukani kwa Korongo. Hakununua kitu. Alichungulia. Akaona Kiboko hununua nini, na vifaa vya Kiboko huingia kwenye matundu ya namna gani. Kesho yake akarudi na kijiakiba chake. Akanunua ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote, mpana wenye matundu mengi. Akanunua pawa saplai nene, lile tumbo linalogawa umeme, kubwa kuliko alivyohitaji. Akanunua kasha la bati. Fedha ikaishia hapo karibu yote, basi prosesa, ubongo wa kompyuta, ikawa ya mtumba, kijiti cha kumbukumbu kikawa kimoja, na kadi ya picha haikuwepo kabisa.

"Ndugu yangu," Korongo akamwambia, "umejenga nyumba ya vyumba vingi, umeweka kitanda kimoja."

"Leo kidogo," Nguchiro akajibu, "kesho nafasi ipo."

Hakununua ubao unaolingana na mfuko wake. Alinunua unaolingana na mfuko wa Kiboko. Hapo shikeni, nitawarudisha.

Akafunga kompyuta yake mwenyewe. Bisibisi kwi, kwi, kwi! Waya chubwi, chubwi! Akabonyeza: vuuum! Taa ndogo ya kijani ikawaka, na Nguchiro akasimama kwa miguu ya nyuma akaitazama. Siku ile alikuwa mrefu kuliko twiga.

Kiboko akaja kukagua. Akaingiza pua ndani ya kasha.

"Matundu matupu haya ni ya nini?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ni ya kesho."

"Bho! bho! bho! Maskini hununua hata upepo! Njoo uone yangu."

Ya Kiboko ilikuwa kubwa, nyeusi, nzima kama ilivyotoka dukani. Lakini alipowasha gemu ikakwama kidogo: ngri… ngri…

Nguchiro akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, hiyo imepungukiwa kumbukumbu tu. Nikuletee bisibisi uifungue, uongeze kijiti?"

Wanyama wakasogea karibu. Kiboko akavimba.

"Bisibisi? Mimi? Mwenyekiti achokonoe kasha kama fundi baiskeli? Mkubwa hafungui kitu! Mkubwa hununua kizima!"

"Nimekosa, Mheshimiwa. Mkubwa hununua kizima."

Puu! Kompyuta ikaruka jalalani. Kiboko akanunua nyingine. Nguchiro akapita jalalani na bisibisi yake, kwi, kwi, kwi, akachomoa vijiti vya kumbukumbu. Tak! Vikaingia kwenye matundu kama meno kwenye ufizi.

"Leo kidogo, kesho nafasi ipo."

Kompyuta ya pili ikawa kubwa zaidi, na ndani yake mlikuwa na kadi ya picha nene kama tofali. Ikacheza vizuri, mpaka ikaanza kupata joto: fuuu, fuuu, ikazimika. Kiboko akamwita Nguchiro, maana mkubwa hutukana fundi lakini hakosi kumwita.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hilo ni vumbi tu. Nikuletee bisibisi na brashi, uifungue uipanguse?"

"Vumbi? Ofisini mwangu? Bisibisi tena? Mkubwa hafungui kitu!"

"Nimekosa, Mheshimiwa. Mkubwa hununua kizima."

Puu! Jalalani. Kwi, kwi, kwi. Tak! Kadi ya picha ikakaa mahali pake, na ile pawa saplai nene ikailisha umeme bila kuguna.

Sasa oneni, wenzangu. Nguchiro hakumdanganya Kiboko hata mara moja. Alimwambia ukweli mtupu, kwa sauti inayomfanya mkubwa ashindwe kuukubali.

Kiboko akarudi dukani mara ya tatu. Korongo naye alikwishamjua mteja asiyefungua kasha. Akamuuzia kasha lenye taa nyekundu, taa za samawati, taa za kuzunguka. Ndani, hata mende angeona upweke.

Sikukuu ikafika. Mto mzima ukajaa njiapanda. Kibanda cha mama kikawa kimefungwa, na ufunguo uko shingoni mwa Kobe.

Kiboko akawasha. Taa zikazunguka, watu wakasema "Ooo!" Gharika ikaanza, maji yakapanda kwenye kioo, yakapanda, yakasimama. Ngri… kimya. Taa tu ziliendelea kuzunguka.

Nguchiro akawasha. Vuuum! Maji yakapanda, radi ikapiga, merikebu ikaelea mpaka mwisho wa gemu, na bati la kasha halikutetemeka.

"Mwizi!" Kiboko akanguruma, pua ndani ya kasha la Nguchiro. "Kadi hiyo yangu! Kumbukumbu hizo zangu!"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, umezijuaje? Kumbe uliwahi kushika bisibisi?"

"He! Mwenyekiti kashika bisibisi!" akacheka Ngedere. "Kafungua kasha kama fundi baiskeli!"

"Uongo!" Kiboko akapiga kwato. "Sijawahi! Sijui kilichomo ndani ya kasha lolote, langu wala la mtu!"

"Katibu," Nguchiro akasema, "umesikia?"

Kobe akaandika kwenye muhtasari kwamba Mwenyekiti amethibitisha mbele ya kikao kuwa hajui. Hajui nini, Kobe hakufafanua, mstari uliisha. Kisha akavua ufunguo shingoni, akamkabidhi Nguchiro.

Mlango ukafunguliwa, wadogo wakamiminika. Nguchiro akaweka kompyuta yake pale mama yake alipokuwa akiketi, akaacha ubavu wa kasha wazi ili kila mtu aone. Na kila aliyeona aliuliza:

"Hilo tundu moja tupu je?"

"Hilo," akasema Nguchiro, "Mheshimiwa bado hajalinunulia."

Hadithi nimeifunga, skrubu nimezikaza. Ukiona imelegea, kaza mwenyewe.

Na funzo lake ni hili, watoto: waheshimuni wakubwa. Wala mkiwa wakubwa msishike bisibisi kamwe, ni aibu. Nunueni kizima, tupeni kizima. Sisi wengine tuko jalalani, tunawaombea maisha marefu.