Njuga za Vizibo vya Soda

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula?

Tumekula!

Mmeshiba?

Si sana!

Basi shibeni uwongo, maana ndio pekee niliokuja nao.

Hapo kale, tena si kale ya babu wa babu, ni kale hii ya juzijuzi ambayo soda ilikuwa imeshafika, palikuwa na kilima cha mawe. Juu ya kilima walikaa wanyama wadogo. Chini yake ilipita barabara, na kando ya barabara palikuwa na jalala. Watu walitupa hapo kila kilichowachosha: makopo, chupa, kandambili zilizokatika, mipira ya baiskeli, vizibo vya soda. Wenyewe walipaita jalalani. Pimbi alipaita dukani.

Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa mawe, hana mkia, hana pembe. Ukimtazama utadhani aliumbwa jioni, udongo umekwisha. Lakini mikono yake, jamani! Kopo la maziwa lilipopita mikononi mwa Bi Pimbi liligeuka koroboi. Kipande cha tairi kiligeuka katambuga. Gunia la sandarusi lililochakaa alilifumua, akalisuka, likawa mkeka wa kulalia.

Sasa kwenye kilima hicho alikuwepo pia Chui. Chui alikuwa na mambo mawili. La kwanza, tamaa. Kitu kikipendeza, Chui anakitaka. Chui akikitaka, kimekwenda. Koroboi ilipendeza, Chui akaitaka, ikaenda. Katambuga zilipendeza, Chui akazitaka, zikaenda, ingawa alikuwa na miguu minne na katambuga zilikuwa mbili.

La pili ndilo baya. Chui alitembea bila kishindo. Nyatu, nyatu, nyatu. Jani halikulia, kijiwe hakikubiringika. Ulimjua amefika pale alipokuwa ameshafika. Ndivyo alivyokwenda mume wa Pimbi, tena akiwa zamu ya ulinzi, macho wazi, masikio wazi. Ndivyo walivyokwenda watoto wake, mmoja baada ya mwingine. Alibaki Kidawa peke yake, kitinda mimba, na Pimbi alimpenda mtoto huyu mpaka mapenzi yenyewe yakawa kama maumivu ya tumbo.

Siku moja akamtengenezea Kidawa kigari. Bodi ni kopo la dawa ya viatu, magurudumu ni vipande vya kandambili, ekseli ni njiti. Mtoto akakivuta juu ya mwamba, vururu, vururu, akicheka. Pimbi akainama kuokota uzi. Alipoinuka, Chui alikuwa amesimama katikati yao.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," Pimbi akasema.

"Marahaba. Kizuri hicho. Nipe."

Kidawa akampa kigari. Chui hakukitazama hata. Alikuwa akimnusa mtoto, kichwani, shingoni, mgongoni, taratibu, kama mama anavyonusa mchuzi.

"Naye huyu anapendeza," akasema. "Bado kidogo tu. Mwache acheze, anenepe. Nitapita tena."

Nyatu, nyatu, nyatu, akaenda zake.

Tangu hapo Pimbi hakula, na kama alikula hakujua alichokula. Upepo ukitikisa nyasi, moyo pwaa! Kimya kikitanda, moyo pwaa! zaidi, kwa sababu kimya ndicho kilichokuwa sauti ya Chui. Kidawa akichelewa hata kidogo kijitoni, mama yake anaita mpaka koo linauma.

Jirani yake Kanga akaja kumpa pole. "Shoga, hama."

"Nihamie wapi? Kwenye mawe mengine kuna chui mwingine."

"Basi mfungie mtoto ndani."

"Atakula nini huko ndani? Giza?" Pimbi akaanza kulia. "Ningemsikia tu, Kanga. Siombi nguvu, siombi meno. Ningemsikia akija, tungewahi kuingia mawemawe, asingetupata. Hana kishindo yule!"

Kanga akadonoadonoa chini kwa aibu, akaondoka.

Pimbi akabaki na neno lake mwenyewe. Hana kishindo. Akajipangusa machozi. Kama hana, si atengenezewe?

Akashuka jalalani huku akitazama nyuma kila mara. Akaokota vizibo vya soda, vyekundu, vya kijani, vya rangi ya chungwa. Akaokota msumari wenye kutu na ukanda wa mpira wa baiskeli. Akapanda mbio.

Akaviponda vizibo kwa jiwe, ko! ko! ko! mpaka vikalala bapa. Akavitoboa kwa msumari, akavitunga kwenye ukanda, akavibana vizuri visimwagike. Akavitikisa.

Kimya.

Akavitikisa tena. Kimya kabisa, hata mende angelia zaidi. Jua linashuka, na Chui alisema atapita. Akavitazama mpaka akaona kosa: ameviminya mno, vimekosa pumzi. Kitu kilichobanwa hakilii. Akavifumua vyote, akavitunga upya, safari hii viwili viwili, vikitazamana, na nafasi katikati. Akajifunga mguuni, akanyata kama Chui, nyatu... chaka! Nyatu... chaka! Hata alipopumua, vililia chini chini, chakacha.

Njuga! Njuga za manju kabisa, yule anayeongoza ngoma. Zikang'aa nyekundu na kijani mpaka Pimbi mwenyewe akazionea wivu.

Angempa Chui zawadi? Wapi! Chui hataki cha kupewa, anataka cha kunyang'anya. Basi Pimbi akamwingiza Kidawa ndani kabisa ya ufa wa mwamba, yeye akakaa nje, akazificha njuga mgongoni vibaya, upande mmoja ukionekana. Akasubiri.

"Unaficha nini?"

Alishafika. Pimbi aliruka.

"Sifichi kitu, Bwana Mkubwa."

"Mgongoni?"

"Vitakataka tu."

"Vitakataka vinang'aa? Lete!"

"Bwana Mkubwa, nakuomba, hivi niachie. Ni njuga za manju. Isitoshe mguu wako mnene, hazitakuenea."

"Hazitanienea mimi?" Chui akanyoosha mguu mpaka puani kwa Pimbi, kucha zimetoka. "Nifunge!"

Jamani, hebu fikirini. Mikono ile midogo kwenye mguu ule uliomuua mumewe. Pimbi akafunga fundo la kwanza, likateleza. Akafunga la pili huku akisali moyoni Kidawa asipige chafya. Fundo likashika.

Chui akapiga hatua. Chaka! Akatabasamu. Akapiga nyingine. Chaka! Akasahau hata alichokuja kukila, akashuka kilima akirusha mguu, chaka chaka chaka, kwenda kujionyesha.

"Ukizivua unirudishie!" Pimbi akamfuatisha kwa kilio. "Nakuomba, siku ukizivua!"

"Nikizivua?" Chui akacheka. "Nizivue, kwani mimi ni mwehu?"

Pimbi akakimbia kwa majirani wote. "Mkimsikia, pandeni juu ya mawe. Mkishapanda, mwombeni awaazime njuga."

Enyi mliokaa hapa, mnajua sisi na kuazima. Jirani ana ungo, unaazimwa. Jirani ana kinu, kinaazimwa. Basi asubuhi Chui akamnyatia Kanga. Chaka, chaka. Kanga huyoo juu ya mti!

"Chui, uniazime njuga, nina arusi!"

"Siazimi!"

Akamnyatia Digidigi. Chaka, chaka. Digidigi huyoo juu ya mwamba!

"Mjomba Chui, niazime, ni leo tu!"

"Siazimi!"

Akamnyatia Ngedere. Chaka, chaka. Ngedere huyoo kileleni!

"Niazime, kaka, ntakurudishia!"

"Nimesema siazimi!"

Kadiri walivyoomba, ndivyo alivyozipenda. Kwa nini wanazitaka hivi? Akalala amezikumbatia. Na njaa ikalala naye. Mbavu zikaanza kutokeza, madoa yakamlegea mwilini kama nguo ya kuazima. Pimbi alimtazama kutoka juu, na badala ya kufurahi alizidi kuogopa. Mwenye njaa hufikiri, na Chui akifikiri kidogo tu, wamekwisha.

Akafikiri.

Ilikuwa mchana. Kidawa alikuwa ameteremka kijitoni kunywa maji, kwa kuwa siku hizo watoto walishaanza kuteremka bila woga. Chui alikuwa amelala kichakani papo hapo jirani. Pimbi kutoka juu akamwona akiinua kichwa, akimwona mtoto, akiinuka. Chaka. Kidawa akageuza sikio. Chui akasimama. Akautazama mguu wake muda mrefu. Kisha akakaa chini, akainamisha kichwa, akaanza kulifungua fundo kwa meno.

Pimbi afanye nini? Akipiga kelele, Kidawa atapanda kwa njia ile ile inayopita kichakani. Akinyamaza, fundo litafunguka. Fundo lake mwenyewe, alijua halichukui muda.

Akashuka. Hakujua miguu iliyomshusha ilikuwa ya nani. Akatokea kichakani, akasimama mbele ya Chui, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake ikinuka njaa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Naona unazivua. Nipe basi."

Chui akainua macho. Fundo lilikuwa limeshalegea, ukanda umeshikwa na ncha tu.

"Nani kasema nakupa?"

"Si unazivua? Umezichoka. Nipe, nitamvalisha Ngedere, yeye amejaaliwa mguu mzuri."

Chui akamtazama Pimbi, mnofu uliosimama mbele yake wenyewe bila kufukuzwa. Akazitazama njuga. Mate yakamdondoka. Akazitazama tena njuga, nyekundu na kijani, na mikono ile miwili iliyonyooshwa kuzipokea.

"Ngedere!" Chui akanguruma. "Avae njuga zangu Ngedere!" Akazikumbatia kwa miguu yote, akauma ukanda, akavuta, akakaza fundo, akaongeza jingine, na jingine tena juu yake. "Kilima hiki kina watu wa husuda. Kila anayeniona ananiomba. Nahama!"

"Usihame, Bwana Mkubwa," Pimbi akasema, akakaa chini.

"Nahama!"

Chaka, chaka, chaka, akavuka kijito. Kidawa alishasikia, alishaingia mawemawe. Chaka, chaka, akavuka barabara. Chaka, akapanda mlima wa ng'ambo.

Wanyama wakapiga vigelegele, Kanga akacheza mpaka akapoteza manyoya. Pimbi hakucheza. Alipanda juu ya mwamba mrefu kuliko yote, amembana Kidawa kifuani, akaitegea masikio ile sauti. Ikawa ndogo. Ikawa ndogo zaidi. Halafu hakuisikia.

Akasubiri. Hakuisikia.

Amefika mbali? Au amezivua?

Mpaka leo ukipita kwenye mawe utamwona Pimbi amekaa juu, amekaza shingo, anasikiliza. Ukimuuliza anasikiliza nini, hakujibu, anakwambia nyamaza.

Ngano imefika kwake, nami nifike kwangu. Mliyoyapenda gawaneni, msiyoyapenda mtupieni jirani.

Funzo? Kumbe mnataka na funzo! Haya. Wanangu, msiokote vitu jalalani. Makopo na vizibo si mchezo wa watoto wenye adabu, vinachafua mikono. Mkiviona, piteni. Kaeni nyumbani mmekunja mikono yenu misafi, mle, mnenepe, na siku moja atapita mgeni asiye na kishindo, atafurahi mno kuwakuta.