Bibi Nankondo na Mzee Aliyetimua Mbio

Paukwa!

Pakawa!

Mpo?

Tupo!

Basi sogeeni. Hapo kale, Kitabu cha Mungu kikiwa kimeshafika kijijini lakini barabara bado haijafika, aliishi bibi mmoja mfinyanzi. Jina lake Bibi Nankondo. Alikuwa mfupi, mcheshi, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Alikanda udongo wake, pu! pu! pu! na huku midomo inacheza.

Wapita njia humuuliza, "Bibi, unaongea na nani?"

Naye hujibu, "Na Mwenyezi. Asubuhi nimesoma Neno lake kidogo, sasa tunazungumza juu yake."

"Umesoma kiasi gani?"

"Tonge moja. Tonge likizidi, mtu hukabwa."

Katika kijiji hichohicho aliishi Mzee Semboja, msomaji wa kanisani. Ah, huyo alijua kusoma! Sauti nene, maneno yanaporomoka kama maji ya gengeni, poro-poro-poro! Hujakaa vizuri, sura imekwisha. Watu walimsifu sana.

Lakini ndani, Mzee Semboja alikuwa mkavu. Mkavu, mkavu, kama kibuyu kilichosahauliwa darini. Akisoma, haoni ladha. Akipiga magoti, maneno yanatoka, moyo haupo.

Alikuwa na binti mmoja, Namsifu. Namsifu alimkataa mume aliyechaguliwa na baba yake, akaolewa na mrina asali, ng'ambo ya mto. Semboja akasimama mbele ya watu akasema, "Mimi sina binti." Tangu hapo jina la Namsifu halikutajwa nyumbani mwake. Hata kigoda chake alikigeuza, akawa anakaa ameipa mgongo njia ya mtoni.

Siku moja ukavu ulimshinda. Akachukua Kitabu chake, huyo, mpaka kwa Bibi Nankondo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Bibi, nasoma sana. Lakini ni kama natafuna makapi."

Mnadhani Bibi alimpa pole? Wapi! Alicheka. "Kaa hapo. Nisomee."

Semboja akafungua habari ya yule kijana aliyechukua urithi wake, akautapanya ugenini, akarudi kwa baba yake na njaa. Poro-poro-poro! Kamaliza.

"Rudia," akasema Bibi.

Poro-poro-poro!

"Rudia tena. Ila sasa soma kama mtu anayevuka mto wenye mawe ya kuteleza."

Semboja akasoma polepole. Neno, kisha neno. Akafika pale kijana alipokuwa bado yuko mbali, baba akamwona, akamkimbilia.

"Hapohapo! Simama!"

"Lakini Bibi, hatujafika mwisho."

"Mwisho hauna miguu, utaukuta. Wewe ingia ndani ya boma la huyo baba. Yule baba anatazama wapi?"

"Anatazama njiani."

"Na mtoto yuko mbali. Aliwezaje kumwona?"

Semboja akafikiri. "Labda... labda alikuwa akiitazama njia kila siku."

"Enhe. Na wewe, mwanangu? Katika boma hilo, wewe umekaa wapi?"

Bibi akaendelea kukanda udongo, pu! pu! pu! Semboja akainamia Kitabu.

"Bibi," akasema, sauti imekuwa ndogo, "mimi nimekaa nimeipa njia mgongo."

Bibi Nankondo hakumwambia, "Nenda kwa binti yako." Hakumkemea. Alisema tu, "Basi mwambie Mungu hivyohivyo. Usimpambie maneno. Kesho soma palepale, umwambie tena yaliyomo moyoni. Kisha nyamaza kidogo, na Yeye apate nafasi."

Semboja akarudi kwake. Akakaa peke yake, Kitabu magotini. Akasoma kamstari kake. Akasema, "Baba, yule mtoto simtaki. Huo ndio ukweli wangu."

Akashtuka! Hajawahi kuomba hivyo maisha yake yote. Akangoja radi. Radi haikuja. Ilikuja amani, kama mtu ameketi karibu naye, anamsikiliza.

Asubuhi nyingine akasoma palepale. "Baba, nina hasira."

Asubuhi nyingine, palepale. "Baba, kumbe si hasira, ni aibu. Nilitamka mbele ya watu."

Asubuhi nyingine, palepale. "Baba, leo nimekumbuka anavyocheka." Na machozi yakamtoka, mzee mzima. Siku hiyo akainuka, akakigeuza kigoda, akaitazama njia ya mtoni. Mkewe alikuwa anakoroga uji. Aliona. Uji ukamwagika.

Ikafika asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza. Semboja anatazama njia. Huyo! Mwanamke anakuja kutoka mtoni, amebeba kitu mgongoni. Moyo ukapiga, du! Semboja akaweka Kitabu chini, akakunja shuka lake, akatimua mbio. Tapu! tapu! tapu!

"Chui?" watu wakauliza.

"Moto?"

"Nyuki! Lazima ni nyuki!"

Mkewe naye yuko nyuma, mwiko mkononi, tapu! tapu! tapu!

Semboja akamfikia yule mwanamke, mikono wazi. Loo! Si Namsifu. Ni muuza chumvi na mzigo wake! Mama wa watu akauangusha mzigo, akalia, "Mzee, nimekosa nini mimi?"

Kijiji kizima kikacheka, kwa! kwa! kwa!

Semboja akasimama, anahema. Heshima ikamwambia, rudi nyumbani. Akasema, "Samahani, mama. Nilidhani ni binti yangu."

Kicheko kikakatika. Binti yangu! Neno hilo hawakulisikia kwake miaka na miaka.

"Basi kama yeye haji," akasema Semboja, "nitakwenda mimi. Miguu imeshapata moto."

Tapu! tapu! tapu! Mtoni, chubwi! Ng'ambo.

Namsifu alikuwa anaanika mtama. Akainua macho, akamwona baba yake amelowa maji, na mama yake nyuma na mwiko. Ungo ukamponyoka.

"Baba! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mwanangu. Msiba nilikuwa mimi." Akapiga magoti juu ya mtama. "Nilisema sina binti. Nilisema uongo. Nisamehe."

Namsifu akaokota ungo. Kisha akasema, "Baba, uliniumiza. Sijui kama nitasahau."

"Usisahau. Niruhusu tu nikae nawe."

Namsifu akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amepakata mtoto mchanga, akamweka mapajani mwa mzee, vilevile alivyolowa.

"Mume wangu alikubali tumpe jina lako. Anaitwa Semboja."

Semboja mdogo akamtazama Semboja mkubwa. Akazikamata ndevu kwa mikono miwili, akavuta! Mzee akalia, "Aiii!" Namsifu akacheka. Kicheko kilekile. Mama yake akapiga vigelegele mpaka kijijini wakasikia, na jioni watu wakavuka na ngoma zao. Mrina asali akafungua mizinga, hata yule muuza chumvi akacheza.

Watu wakamzunguka Bibi Nankondo. "Bibi, ulimpa dawa gani huyu?"

"Mimi? Nilimwambia asimame tu. Aliyemwita ni Mungu mwenyewe."

Tangu hapo watu wa kijiji kile wakajifunza kusoma kidogo, kusema kweli, na kunyamaza. Bibi alizeeka, akafa, akazikwa kwa nyimbo. Na hadi leo wajukuu wakisoma Neno mbiombio, mama zao huwaambia, "Taratibu! Bibi Nankondo anasikia."

Nanyi wasikilizaji wangu, shikeni hili: Neno la Mungu haliulizi umemaliza kurasa ngapi. Linauliza umekaa wapi. Mjibu Mungu kweli, naye atakuinua.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe.